Sufuria ya Mama Taaka

Nilirudisha stoo kofia ngumu, glavu za ngozi na aproni, na karani wa stoo akavikagua kwa makini kana kwamba nilikuwa nimeviazima jana. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Kulikuwa na soda na keki, na meneja mpya akalitaja jina langu kwa kukosea, akajirekebisha, akakosea tena. Baadaye nyinyi vijana wa uwanja wa skrapu mkanizunguka mkasema, "Mzee, tuandikie kitu. Ni wewe tu umebaki uliona tanuri ikiwaka." Basi naandika. Vyeo sitavieleza, kwa maana vilikuja na mimi nikabaki na jasho lilelile, na habari za mishahara mnazijua wenyewe. Nitaandika kuhusu kazi, na kuhusu watu wawili walionifunza, mmoja akiwa amekunja uso na mwingine moyo wake ukiwa umevunjika.

Kwanza mjue mnafanya kazi na nani. Kampuni hii ni ya ng'ambo. Haikuanzia Malaba, na nina hakika wakubwa wake wengi hawawezi kuionyesha Malaba kwenye ramani. Katika nchi nyingine inachimba udongo mwekundu, unaofanana kwa macho na huu wetu wa Moding nilikozaliwa, ila ule una alumini ya kutosha kuwaleta watu na meli. Udongo huo huoshwa kwa dawa kali mpaka ubaki unga mweupe, kisha unga unayeyushwa kwa umeme mwingi ajabu, ndiyo sababu viwanda vyao vikubwa hupenda kukaa karibu na mabwawa. Kinachotoka kinamiminwa vipande, vipande vinavingirishwa kuwa shuka, yaani bamba nyembamba, na mabati, na hivyo vilikuja kwetu kwa meli hadi Mombasa, halafu kwa treni hadi mpakani. Wazee waliniambia tawi la Malaba lilianza likiwa ghala tu, mahali pa mabati na sufuria kungoja kuvuka kwenda Uganda na mbele zaidi. Mpaka ndio uliotuzaa. Ukifungwa tunakaa tukipiga miayo, ukifunguliwa tunakimbia.

Baadaye wakubwa wakagundua jambo ambalo kila mama wa Busia alikuwa analijua, kwamba sufuria haifi. Ikitoboka huzibwa, ikishindikana kuzibwa huuzwa, na kuiyeyusha hakuhitaji hata sehemu ndogo ya moto ule wa kuanza na udongo. Wakajenga tanuri, wakaanza kununua skrapu kutoka pande zote mbili za mpaka. Sisi tuliyeyusha na kumimina vipande, lori likavipeleka kiwanda kikubwa karibu na Nairobi, huko vikawa shuka, shuka zikakatwa maduara, na duara likibonyezwa na mashine linakuwa sufuria. Sufuria hiyo inarudi Busia dukani. Mama anaipikia miaka, inatoboka, inarudi kwetu. Nilipouelewa mzunguko huo mara ya kwanza nilifurahi sana, nikamweleza mke wangu kwa kirefu mpaka chai ikapoa. Baadaye niliuchukia. Siku hizi nimeuzoea tu.

Siku yangu ya kwanza nilifika na shati la nailoni, kandambili, na chupa ya maji mfukoni. Mkuu wa tanuri alikuwa Mzee Ojiambo, Msamia mrefu mwenye macho mekundu kwa moshi na vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo havikukunjika tena. Aliitoa ile chupa mfukoni mwangu bila kuomba.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Emojong."

"Wewe Emojong, maji ni ya kunywa kule kwa gate. Huku ndani maji ni kifo. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Hujasikia. Iko siku utasikia. Sasa enda nyumbani, ukuje na shati ya pamba na viatu ya ngozi. Hiyo nailoni ikishika moto inatoka na ngozi yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Ilikwisha kabla ya saa tatu asubuhi.

Niliporudi alinifundisha mambo mawili ambayo nyinyi hamkupata nafasi ya kuyahitaji. La kwanza ni kwamba alumini ni kimya. Chuma kikipata moto kinageuka rangi kikuonye, lakini alumini ikiwa baridi ni nyeupe, na ikiwa moto wa kukuondolea mkono ni nyeupe vilevile. Usiguse kitu kwa sababu kinaonekana kimepoa. Vile vidole vyake viwili viliamini macho. La pili ni maji. Alumini iliyoyeyuka ikifunika hata tone la maji, tone hilo linageuka mvuke papo hapo, na mvuke hauombi njia. Nilisikia, kama alivyoniahidi, msimu mmoja wa mvua. Tanuri lilitapika. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini mkienda kwenye jengo la zamani mkainua macho mtaona matone ya fedha yameganda kwenye mabati ya paa, na alama iliyo shingoni mwangu, ambayo mlikuwa mkidhani ni ya ugonjwa, ni mojawapo ya matone hayo.

Kilicholeta maji siku ile kilikuwa sufuria iliyokunjwa. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yetu ngumu. Muuza skrapu anapenda kuikanyaga sufuria na kuikunja kama chapati ili gunia lipokee nyingi. Ndani ya mkunjo huo hukaa matope, na mwenye ujanja huongeza jiwe ili mizani ifurahi. Tulivuta kokoto za Tororo, tulivuta mchanga wa mto Sio, mara moja tulivuta kufuli zima. Kwa hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Ojiambo kwamba hakuna sufuria iliyokunjwa itakayokaribia tanuri. Lazima ifunguliwe kwa patasi na nyundo mezani, itazamwe ndani, kisha ilazwe kwenye mdomo wa tanuri ikauke. Meza hiyo ilikuwa ya akina mama, na fundi wao alikuwa Taaka.

Taaka alitoka Budalang'i, kule chini ambako mto Nzoia unafikia ziwa na watu wanaishi nyuma ya tuta la udongo wakiomba Mungu mvua ya milimani iwe ya kiasi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mdomo wake hauna breki. Akigonga sufuria mara mbili ilikuwa imefunguka. Alinifundisha kutambua alumini laini ya sufuria na ile ngumu ya pistoni kwa kuiangusha tu kwenye saruji na kusikiliza. "Hii inalia kama kengele ya Katoliki," alikuwa akisema, "na hii inalia kama mlevi ameanguka." Wachuuzi wa upande wa pili wa mpaka, waliotuita ssebo, yaani bwana, na kujifanya hawajui Kiswahili bei ikikataa, walimwogopa kuliko walivyomwogopa mtu wa mizani.

Krismasi moja kampuni iliamua kutupa zawadi ya sufuria badala ya kitu tulichokuwa tukitarajia. Wengi walinuna. Taaka alipata ile kubwa kabisa, ya kupikia watu wa matanga, akaifunga kwenye boda boda na kuipeleka kwa mama yake. Aliporudi alituambia jinsi mama alivyoipokea, jinsi alivyoita majirani waje waione, na jinsi alivyochukua msumari hapohapo akaitia alama.

Alama hizo mnazijua, hata kama hamzitazami. Kwetu hakuna matanga yanayopikiwa kwa sufuria za nyumba moja. Sufuria huazimwa kijiji kizima, na ili kila moja ijue njia ya kurudi kwao, mwenyewe huipiga alama chini kwa msumari au kwa rangi. Mmoja huweka jina, mwingine nyota, mwingine mstari mwekundu. Pale mezani tuliona alama hizo kila siku na hatukufikiri lolote. Ya mama yake Taaka ilikuwa msalaba na nukta mbili chini yake.

Mvua iliyofuata, tuta la Nzoia lilipasuka. Taaka alikuwa kazini simu ilipoingia. Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya zile za kwanza. Majirani walisimulia hivi: walitoka wote pamoja kuelekea sehemu ya tuta iliyobaki imesimama, maji yakiwa magotini, na mama yake Taaka alikuwa kati yao. Halafu akasimama. Akasema kuna kitu amesahau, akageuka, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwona tena. Alitafutwa kwa mitumbwi, alitafutwa kwenye mafunjo mpaka maji yakarudi mtoni, na hakupatikana.

Mtu asipopatikana hawezi kuachwa hivyo, kwa hiyo kaka zake Taaka wakafanya kama wazee walivyoelekeza. Wakakata mgomba, wakauvika nguo ya mama, wakauzika uani kwa heshima zote, na padri akaomba. Nilikuwepo pamoja na wenzangu wa kiwandani. Wakati wa kutupia udongo ulipofika, Taaka aliweka mikono nyuma, akakataa. Kaka mkubwa alimwita mara ya pili na ya tatu mbele ya watu. Hakusogea. Tangu siku hiyo kaka zake waliongea naye kwa shida.

Aliporudi kazini akawa mzito. Kila sufuria aliyoifungua aliigeuza akaitazama chini, akaifuta matope kwa kidole gumba, kisha ndipo akaitupa upande wake. Meneja alilalamika kwamba meza imepungua kasi. Nilitumwa kumwuliza. Nilimkuta anakula mihogo na chai peke yake, yeye ambaye zamani hakuweza kunyamaza hata akitafuna.

"Taaka, dada yangu, unatafuta nini?"

"Mzee, unajua alirudia nini kwa nyumba?"

"Hakuna anayejua."

"Mimi nafikiri najua. Alikuwa anaipenda hiyo sufuria kuliko sisi. Nilimwambia achunge, nilimwambia hii ni ya kampuni, hutapata ingine. Kama ni hiyo alirudia, ni mimi nilimuua. Kama si hiyo, basi nitatupa udongo kama watu wengine. Lakini sitazika mtu kama sijui."

Nilirudi kwa meneja nikamwambia anatafuta mawe kwenye mikunjo, na meneja akaridhika, kwa sababu mawe aliyaelewa.

Alitazama hivyo miaka. Skrapu ya mafuriko ilikuwa ikija kidogo kidogo, sufuria zilizofukuliwa shambani wakati wa kulima, mifuniko iliyonaswa na nyavu. Mimi pia nikaanza kugeuza. Na Mzee Ojiambo, ambaye hakuambiwa kitu na mtu yeyote, nilimwona siku moja akiigeuza sufuria kwenye mdomo wa tanuri kabla ya kuisukuma ndani. Nilijifanya sikuona.

Ilikuja asubuhi moja, ndani ya gunia la kijana wa boda boda ambaye alikuwa akinunua skrapu Port Victoria. Ilikuwa imekanyagwa na kukunjwa mara mbili. Taaka aliigonga, ikafunguka, akaigeuza, akapitisha kidole gumba. Kisha akaiweka mezani polepole na kukaa chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha mbele. Nilikwenda. Msalaba, nukta mbili. Na muhuri wetu wenyewe, muhuri wa kampuni, pembeni yake.

Lakini palikuwa na jambo jingine. Chini ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, na karibu na ukingo ilikuwa na kiraka kilichopigiliwa kwa ripiti, ambacho Taaka hakukijua. Mtu alikuwa ameipikia. Niliona uso wake ukibadilika, na nikajua alichofikiri, na nilitamani sana asingefikiri hivyo.

"Pengine yuko hai," alisema.

Meneja aliposikia kwamba Taaka anaiomba, alikuja mezani mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa sababu wengi mmesikia vingine. Sheria ilikuwa kwamba kitu kikishapita mizani ni cha kampuni, na hakitoki nje ya lango ila kikiwa kipande kilichomiminwa. Tulipekuliwa kila jioni kwa ajili hiyo. "Nikimpa huyu," aliniambia pembeni, "kesho kila mtu atakuwa na mama." Mzee Ojiambo alikuwa amesimama nyuma yetu, jasho linamtiririka.

"Boss, kuuliza tu. Kampuni inataka hii sufuria, ama inataka uzito yake?"

Meneja alifikiri. "Uzito."

"Sawa," mzee akasema, akarudi kwenye moto wake.

Kesho yake watu walikuja kazini na matanga mikononi. Sina neno jingine la kuita vile. Kwa kawaida mwenzetu akifiwa tunachanga. Safari hii tulichanga alumini. Mzee Ojiambo alileta kikombe chake cha chai kilichobonyea. Mpishi wa kantini alileta miiko. Askari wa lango, yuleyule aliyetupekua, alileta mfuniko na kusema mke wake hajui. Mimi nilileta sufuria yetu ya uji, na mke wangu, aliyeijua habari, ndiye aliyeniambia niichukue. Tuliweka vyote upande mmoja wa mizani. Vilipungua kidogo. Meneja alitazama, akaingia ofisini, akatoka na kibao cha alumini ambacho wakubwa walimpa kama tuzo ya usalama kazini, akakiweka juu. Mizani ikalala sawa. Mzee Ojiambo aliichukua sufuria akaikalisha kwenye mfuko wa mchanga, akainyoosha kwa nyundo ya mbao, taratibu, mpaka ikawa duara tena. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa sufuria. Taaka aliipokea, akatoka nayo langoni.

Siku ya mapumziko nilimsindikiza Port Victoria. Kijana wa boda boda alitupeleka mpaka kwa mwanamke aliyemuuzia, Mama Nabwire, aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na ufuo. Alipoiona sufuria kwenye mikono ya Taaka alitupa ungo.

"Sikuiba, dada. Ni maji ilileta. Walahi ni maji."

"Hakuna mtu anasema umeiba, mama," nilisema. "Tumekuja tu kuuliza. Uliipata vipi?"

Akatukalisha. Alitueleza kwamba wakati wa mafuriko yale alikuwa Budalang'i kwa wazazi wake na watoto wake watatu, na walikwama juu ya kipande cha tuta, watu wengi, maji kila upande. Hakukuwa na chakula wala moto. Asubuhi waliona sufuria kubwa ikielea, ikizunguka polepole kama imepotea njia. Mjomba wake akaivuta kwa mti.

"Ilikuwa na mfuniko," alisema, "na mfuniko ilikuwa imefungwa na leso, mafundo mbili."

"Ndani?" Taaka aliuliza.

"Unga. Ya mhogo na wimbi. Na chumvi, na kiberiti."

"Ilikuwa imelowa?"

"Hapana. Kavu kabisa. Huyo mwenye alifunga, alifunga vizuri."

"Yeye hufunga vizuri," Taaka alisema.

Akauliza kama walimwona mwanamke mzee yeyote, juu ya tuta, kwenye mtumbwi, popote. Mama Nabwire alitikisa kichwa. Akauliza tena kwa maneno mengine, na tena, na kila mara Mama Nabwire alitikisa kichwa kwa upole, na mara ya mwisho aliangalia chini.

"Kwa hiyo ni hiyo alirudia," Taaka alisema.

"Watoto wangu walikula hiyo unga, dada. Na wa wengine pia. Wa mwisho alikuwa ameanza kulegea."

"Nimesikia."

Hakusema kwa ukali. Njiani kurudi nilifungua mdomo mara moja, akanitangulia: "Mzee, usiniambie alikufa akisaidia watu. Hakujua hao watu. Alirudia sufuria." Nimefanya kazi karibu na moto maisha yangu yote na nimezika wengi, lakini sijawahi kuhuzunika kama siku ile, nikiwa nimekaa nyuma yake kwenye pikipiki, nikiona jinsi alivyoikumbatia sufuria kwa mikono yote miwili. Tulikwenda kutafuta jibu, tukalipata, na lilikuwa lile aliloliogopa.

Aliiweka nyumbani kwake, chumba alichopanga hapa Malaba. Hakuipikia. Alisema ataipeleka kwao ardhi ikikauka.

Kabla ardhi haijakauka, tanuri likafa. Kampuni iliuza sehemu, ikanunua sehemu, kibao cha langoni kikabadilishwa rangi, na wageni wenye kofia nyeupe wakaja kutembea wakiziba pua. Walituonyesha kwenye ukuta, kwa picha za rangi, kwamba tanuri dogo halina faida na moshi wake si wa siku hizi. Inawezekana walisema kweli. Tanuri la alumini haliachwi tu lipoe, maana kilichobaki kitagandia tumboni. Lazima limwagwe mpaka tone la mwisho likiwa bado moto, kisha moto upunguzwe polepole. Mzee Ojiambo alilimwaga mwenyewe, akalikwangua kwa reki ndefu kama mtu anayekwangua ukoko, akasimama mbele yake mpaka likanyamaza. Yeye na tanuri waliondoka kazini siku moja. Kifua kilimmaliza upesi. Hakuiona hata mvua iliyofuata. Sufuria za matanga yake ziliazimwa kwao, Funyula nzima, na mimi nilikaa jikoni na akina mama, nikizigeuza.

Baada ya hapo mkaja nyinyi, na mashine ya marobota. Sufuria inaingia imekunjwa, inabanwa na zingine mpaka zinakuwa mchemraba mmoja, lori linabeba. Hakuna anayefungua kitu wala kutazama chini. Siwalaumu, mashine haikuwaachia nafasi. Ila mtu akija langoni akauliza kama mmeona sufuria yenye alama fulani, msimcheke. Mpeni kiti.

Nimalizie na siku ile ya kiangazi. Taaka aliwaambia kaka zake kwamba yuko tayari kuzika, na wao, ambao walikuwa wamechoka na ugomvi, wakachimba shimo dogo kando ya mgomba uliozikwa. Hatukuwa wengi. Sufuria ilikuwa pale kwenye majani, imesuguliwa mpaka ikang'aa upande ambao moshi ulikubali kutoka. Katekista alikuwa ameshaanza kuomba tulipomwona Mama Nabwire akija njiani na watoto watatu, wawili wakubwa sasa, mdogo akishika nguo yake. Hakualikwa. Kijana wa boda boda ndiye aliyemwambia.

Alisalimia wazee, akapiga magoti mbele ya shimo, akafungua mzigo aliobeba kichwani. Ulikuwa unga wa mhogo na wimbi, umefungwa ndani ya leso kuukuu. Aliutia ndani ya sufuria, akausawazisha, kisha akaiinua sufuria na kumkabidhi Taaka.

"Sufuria ya mtu hairudishwi tupu," alisema. "Tulikaa nayo sana. Mtusamehe."

Taaka aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama msichana aliyetumwa kwa jirani, akatazama ndani, akasema, "Asante, mama. Mama atafurahi sana."

Halafu akasikia alichosema. Akasimama hivyo, ameishika, mdomo wazi, na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho kilikuwa kimengoja miaka yote ile. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza aliishusha sufuria mwenyewe, akachukua jembe kutoka mkononi mwa kaka yake mkubwa, na akafukia shimo lote peke yake.